Wapagazi Kwenye Njia ya Fataki

Mimi husoma kwa vipande. Kazi ya bohari ya dawa mjini Bunia haimpi mtu nafasi ya kukaa na kitabu: lori likiingia usiku kutoka Uganda hupakuliwa usiku huohuo, na asubuhi wauguzi wa vituo vya afya wamekwisha kupanga foleni na karatasi zao za maombi. Basi nasoma kurasa mbili kabla umeme haujakatika, ukurasa mmoja nikingoja sahihi ya mkubwa, nusu ukurasa nikiwa benki. Kwa mtindo huo nimemaliza vitabu kadhaa miezi hii, na bila kupanga, karibu vyote vimekuwa vya safari. Labda ni kwa kuwa mwenyewe nilikuwa nimekaa tu mjini, nikituma dawa kwenda mahali nisipopajua isipokuwa kwa majina yaliyoandikwa kwenye maboksi.

Fataki lilikuwa mojawapo ya majina hayo. Nilipoambiwa niende kuhesabu akiba ya dawa huko, niliuliza kwanza habari za njia, kisha nikaenda kwenye rafu yangu. Fataki iko wilaya ya Djugu, yapata kilometa 80 kaskazini mwa Bunia, upande wa barabara ya taifa namba 27 inayoelekea Mahagi na mpaka wa Uganda. Msomaji wa Dar es Salaam ataona hiyo ni safari ya asubuhi moja. Kwetu sisi, "njia inapitika?" ndilo swali linalotangulia salamu. Djugu iliungua katika vita vya 1999 hadi 2003, ikapumua, halafu mwishoni mwa 2017 moto ukarudi. Mei 2021 jimbo la Ituri likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Vijiji vimehamwa, vikarudiwa, vikahamwa tena. Kwa hiyo mtu haondoki Bunia kwa sababu saa imefika. Anaondoka kwa sababu dereva aliyeshuka jana amesema kumetulia.

Mkobani niliweka vitabu viwili. Cha kwanza ni fotokopi ya maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ile iliyotolewa na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Cha pili ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyoletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapisha Dar es Salaam mwaka 2022. Kwenye simu nilikuwa na kitabu kikubwa cha Henry Morton Stanley kwa Kifaransa, Dans les ténèbres de l'Afrique, yaani Katika Giza la Afrika, kilichotoka Paris mwaka 1890. Hicho nilikiacha kwenye simu kwa kuwa ni kizito hata kukifikiria.

Gari lilikuwa Fuso lililobeba chumvi, sabuni, vitenge na maboksi yetu ya dawa. Mimi nilipewa nafasi mbele, lakini baada ya Iga-Barrière mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alipanda, nikampisha, nikaenda kukaa juu ya magunia na wengine. Nashukuru ilikuwa hivyo. Ukiwa mbele huoni kitu ila kioo chenye vumbi.

Huko juu nchi inafunguka. Sisi wa Ituri tumezoea wageni wanaodhani jimbo zima ni msitu, lakini njia ya Djugu inapanda vilima vya majani, kilima nyuma ya kilima, na mikaratusi imepandwa kwa mistari kama askari wa gwaride. Hewa inapoa kila unapopanda. Kando ya njia kuna mashamba ya maharage, mahindi na viazi. Kuna pia kuta za matofali zisizo na paa, na ndani ya vyumba mimea imekwisha kufikia kimo cha dirisha. Nyumba nyingine zimeezekwa upya kwa turubai, na mlangoni amekaa mtu anayemenya mihogo. Abiria wenzangu walizitazama zote kimyakimya, wakasema tu kwa majina: hapa palikuwa kwa fulani, pale ilikuwa shule.

Kizuizi cha kwanza kilitukalisha muda mrefu. Kamba imefungwa kutoka mti hadi mti, na upande wa pili kuna kibanda cha majani. Nikafungua simu, nikamsoma Stanley. Alitoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, Juni 1887, na watu 389, wengi wao wameajiriwa Zanzibar, wapite msitu wa Ituri wakamwokoe Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri, aliyekuwa amezingirwa kusini mwa Sudan. Msitu uliwamaliza. Walikula uyoga na matunda ya porini. Wengine waliuza bunduki na nguo zao ili wapate mahindi kwa Wamanyema wa Kilonga-Longa, watafuta pembe, pale Ipoto. Mwishoni mwa Novemba walipanda kilima, wakaona nyika mbele yao. Stanley akakiita kilima hicho Pisga, kwa jina la mlima ambao kutoka kileleni mwake Musa aliiona nchi ya ahadi. Waliokuwa bado naye hawakufikia nusu ya wale waliotoka Yambuya. Tarehe 13 Desemba 1887 waliliona Ziwa Albert.

Nyika ile aliyoiona ndiyo hii yetu, kusini kidogo ya pale nilipokuwa nimekaa. Kurasa zake za kutoka msituni zina nguvu kweli. Furaha ya watu walioona jua inakufikia hata kwa Kifaransa kilichotafsiriwa. Lakini kurasa chache mbele tayari anapigana na wenyeji na kuchoma vijiji, na anaeleza hayo kwa sauti ileile ya mtu anayejua kwamba msomaji yuko upande wake. Wapagazi kwake ni hesabu. Wamebaki wangapi, wameugua wangapi, wametoroka na mizigo mingapi. Wachache wana majina, na wenye majina wameyapata kwa sababu walimtii sana au kwa sababu walinyongwa. Nilifunga simu. Mtu aliyelikuta giza kila alipokwenda hapa alikuwa amekuja nalo.

Kamba ilifunguliwa baada ya kila abiria kutoa chake.

Kando yangu alikuwa amekaa mama wa makamo, mfanyabiashara, ambaye hupanda na chumvi na sabuni akashuka na maharage. Alianza kumsimulia mwenzake safari zake za mwaka ule, nami nikaacha kusoma. Alisema gunia alilinunua kwa bei gani na mahali gani, akatoa elfu mbili kwa nani, elfu moja kwa nani, mvua ikawakamata wapi, gari likalala wapi, maharage yakaota ndani ya gunia, akayauza kwa nusu bei kwa mtu wa nguruwe, faida ikawa sifuri, akakopa kwa dada yake, akapanda tena. Hakueleza vilima. Hakusema aliogopa. Bei na majina vilisema yote.

Nilitoa fotokopi yangu mkobani kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti hiyohiyo. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipokuwa mzee Zanzibar. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kusimulia maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu, na mtindo wake ni wa mama yule wa maharage: tulitoka hapa, tukafika pale, frasila ya pembe ilikuwa kwa bei kadha, mkopo tuliuchukua kwa fulani Mhindi, vita vikatokea, tukashinda, tukaenda. Haremba. Msomaji aliyelelewa kwa riwaya atachoka ukurasa wa kumi. Mimi msomaji wa vipande sikuchoka, kwa sababu kila aya ni safari kamili.

Kuna mahali vitabu hivi viwili vinakutana. Februari 1887 Stanley alifika Zanzibar, akafunga mkataba na Tippu Tip: awe wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, naye asaidie kupata wapagazi. Wapagazi hawakuja kwa wakati wala kwa idadi iliyotarajiwa, na Stanley alimlaumu mpaka mwisho. Tippu Tip naye ana lake la kusema juu ya Stanley na ahadi zake. Kila mmoja anamwita mwenzake mwongo. Nilisoma upande huu kwenye simu na upande ule kwenye fotokopi, nikapata hisia kwamba ninasikiliza wafanyabiashara wawili wakigombana juu ya mzigo, na mzigo wenyewe ni watu.

Hapo ndipo ninapoachana na Tippu Tip, ingawa Kiswahili chake nakipenda. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na kitabu chake kinawapita walioteseka kama lori linavyopita watu wa miguu. Lugha hii tunayoizungumza Ituri ilipanda na misafara kama ile, ya waungwana wa pwani na Wamanyema waliotafuta pembe katika miaka ya 1880. Leo ni lugha ya soko, ya kanisa, ya darasa la kwanza, ya mama kumbembeleza mtoto juu ya Fuso. Imekuwa yetu kwa haki, nami naiandika kwa fahari. Lakini anayeipenda lugha anapaswa kujua ilifika ikiwa imebebwa na mabega ya nani.

Tulikuta tope baada ya mteremko mmoja. Wanaume wote tulishuka kusukuma. Vijana waliokuwa wakipita na baiskeli zilizobeba mbao waliziegesha, wakaja kutusaidia bila kuombwa. Baiskeli zile nilizitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza. Hakuna anayeziendesha. Fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani itoke upande mmoja, kijana anaishika kwa mkono wa kushoto aielekeze njia. Fimbo ya pili imesimama nyuma ya kiti, hiyo anaisukuma kwa mkono wa kulia. Kanyagio zimeng'olewa zisimgonge miguu. Mbao za mkaratusi, mbichi bado, zimepangwa pande zote mbili na kufungwa kwa mpira wa tairi, na mwenye baiskeli anatembea ameinama, kichwa kikiwa chini ya mzigo wake. Mlimani wanasaidiana wawili wawili. Kwenye mteremko, mmoja huvuta kwa nyuma awe breki. Niliyezungumza naye alikuwa anakwenda kuuza mbao zake sokoni. Akaniuliza ndani ya maboksi yetu kuna nini. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe sisi wote tunabeba," akacheka, akarudi kwenye fimbo zake.

Kati ya vitabu nilivyosoma, Peponi ndicho kinachomwona kijana huyo. Yusufu ana miaka kumi na miwili baba yake anapomtoa kwa tajiri Aziz, awe rehani ya deni. Anakua dukani, halafu anaongozana na msafara mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo hii yetu, kwa sultani Chatu, ambaye anawapokonya mali yote. Gurnah anawapa wapagazi miili: wana vidonda, wanatukana, wanaimba kujipa moyo, wanaogopa usiku. Wahakiki wameonyesha kwamba alichota kwenye masimulizi ya Waswahili wenyewe, kama yale aliyoyakusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, ambamo yumo hata Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Kwa hiyo tulikuwa nayo masimulizi ya safari kwa Kiswahili kabla ya riwaya kuzaliwa, na ni jambo la huzuni kwamba shule zetu hazina hata nakala moja. Mfasiri amefanya kazi kubwa. Kuna mahali nilisahau kabisa kwamba kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Kilisomeka kama kitu kilichorudi kwao.

Nitaje pia kijitabu ambacho sikukibeba, lakini kilinijia akilini pale topeni. Mwaka 1965 André Yav, akiwaandikia wenzake waliowahi kuwa maboyi katika nyumba za Wazungu, alitoa historia ya mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, kwa Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian alikichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Humo anayesema ni mtu aliyefua, aliyepika, aliyebeba. Kiswahili chake hakifanani na cha Unguja, na baadhi ya wasomi wangekisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mimi sitaki kisahihishwe. Katanga wana Yav wao. Djugu hatuna bado, na kila siku magari yanapanda na kushuka yamejaa watu ambao wangeweza kuwa yeye.

Tulifika Fataki baridi imeanza kuuma. Ni mji mdogo wenye mambo makubwa: parokia ya Kikatoliki, hospitali, seminari ndogo, soko. Watu wa huko wanatembea wamejifunga mashuka na makoti mazito, nami wa Bunia nilikuwa na shati. Kesho yake nilianza kazi. Katika kituo kimoja cha afya muuguzi mkuu, dada wa umri wangu hivi, alinitolea kadi zote za stoki bila mimi kuziomba, zimeandikwa kwa mwandiko mmoja ulionyooka, hakuna mstari uliorukwa. Friji ya chanjo ilikuwa ya sola. Ndani kipimajoto, na juu ya mlango karatasi ya mwezi mzima: nyuzi za asubuhi, nyuzi za jioni, zote kati ya 2 na 8. Kulikuwa na wiki moja tupu. Nilipouliza, alisema wiki hiyo walikuwa wamekimbia, na chanjo alizibeba mwenyewe kwenye kisanduku cha barafu, akitembea na wengine usiku. Aliporudi alizitupa zote, akaandika idadi iliyoharibika, akasaini. Nilihesabu upya vichupa vilivyokuwamo sasa kwenye friji. Vilikuwa sawa na kadi.

Jioni aliona Peponi juu ya mkoba wangu, akakichukua, akasoma kwa taa ya sola mpaka chakula kikapoa. Alisoma kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya watu waliojifunzia kusoma kanisani. Tangu atoke shule, alisema, kitabu cha hadithi kwa Kiswahili hakikuwahi kufika mkononi mwake. Kilichopo ni Biblia, vitabu vya nyimbo na miongozo ya wizara. Nilimwachia. Sikuwa nimepanga, lakini kukirudisha mkobani kungekuwa aibu.

Tangu nirudi Bunia tunabishana kwa ujumbe wa simu juu ya mwisho wa riwaya ile. Jeshi la Wajerumani linapita likikamata wanaume, linapiga kambi karibu na duka, kisha linaondoka. Yusufu anatoka, anakuta mbwa wakila uchafu ulioachwa na askari, anajiona katika mbwa wale. Halafu anakimbia kulifuata jeshi. Mimi nilimwandikia kwamba huko ni kushindwa: ametoka kwa bwana mmoja akajipeleka kwa bwana mbaya zaidi, na Gurnah ameweka mbwa pale ili tusijidanganye. Nilikuwa na vijana wetu kichwani, wanaoingia porini kwa kundi hili au lile, na sitaki riwaya yoyote iwapambie njia hiyo.

Jibu lake lilikuja usiku, refu kuliko kawaida. "Kaka, wewe unaangalia anakokwenda. Mimi naangalia anakotoka. Yule mtoto ni deni la baba yake. Amekaa kwenye ua wa mwenye deni miaka yote, hakuna aliyemuuliza anataka nini. Halafu siku moja anaona kwamba yeye na mbwa ni sawa. Mtu akijiona hivyo, atabaki? Hapa kwetu nimewafunga vidonda waliokwenda. Hakuna hata mmoja aliyeniambia alilipenda jeshi. Wananiambia walichoka kukaa kwenye ua."

Nimemjibu kwamba kuelewa si kukubali, na kwamba bado naona angekwenda upande mwingine, hata baharini. Ameniuliza upande gani huo, na nani aliyemwonyesha. Sina jibu linalonitosha mwenyewe, na kila nikipata nafasi benki au kwenye foleni narudia kurasa zile kichwani, kwa kuwa nakala imebaki kwake. Anasema mwalimu wa jirani ndiye anayeisoma sasa, na baada yake kuna watatu wanaongoja.

Ameomba fotokopi ya Tippu Tip. Nilimweleza ni kitabu cha namna gani na mwenyewe alikuwa nani, akasema anajua, ndiyo maana anakitaka: aone katika safari zote zile ni wapagazi wangapi waliotajwa kwa majina. Itapanda na shehena ya chanjo ya mwezi ujao, njia ikiwa inapitika. Nimemwomba awahesabu na kuniandikia idadi, jinsi anavyoandika kwenye kadi zake.